Amonia 50, 25 au 20? Vikomo vya gesi zinazowasha hutoka wapi

Chukua amonia. Ndiyo gesi inayozunguka kwenye mabomba ya viwanda vingi vya barafu na vya kugandisha samaki, na ndiyo inayokupiga puani ukifungua chupa ya dawa ya kupaka nywele rangi. Nchini Marekani sheria inamruhusu mwajiri kumweka mfanyakazi kwenye hewa yenye wastani wa sehemu 50 za amonia kwa milioni, saa nane kwa siku. ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini cha nchi hiyo hiyo, kinasema wastani huo usizidi 25. Umoja wa Ulaya umeandika 20. Na ukifuata kanuni moja ya maabara iliyojengwa juu ya pumzi ya panya, nitakayoieleza mbele, unapata 9.

Sehemu moja kwa milioni ni lita moja ya gesi ndani ya lita milioni moja za hewa. Kipimo hicho hakibadiliki ukivuka bahari, wala pua ya fundi wa Texas si ngumu kuliko ya mwenzake wa Hamburg. Kwa hiyo mfanyakazi anayeambiwa na meneja kwamba "vipimo vimetoka, tuko chini ya kikomo" ana haki ya kuuliza ni kikomo kipi. Namba hizi zina sayansi ndani yake, tena sayansi nzuri, lakini mwishoni mwa kila moja kuna watu waliokaa mezani wakaamua ni mwasho kiasi gani mtu mwingine anaweza kuuvumilia.

Kwa sumu kama madini ya risasi, kazi ya kuweka kikomo ina njia inayoeleweka. Risasi inaingia mwilini kidogo kidogo, inajikusanya kwenye damu na mifupa, na daktari akichukua damu anaona mtu amefika wapi. Gesi inayowasha haina haja ya kufika kwenye damu. Inafanya kazi palepale inapogusa: juu ya jicho, ndani ya pua, kooni. Machoni na puani kuna ncha za neva ya trijemina, ile ile inayopeleka maumivu ya jino kwenye ubongo, na kwenye ncha hizo kuna vipokezi vinavyonusa hatari. Kimoja, kinachoitwa TRPV1, ndicho kinachoshikwa na ukali wa pilipili. Kingine, TRPA1, huamshwa na haradali, na pia na klorini na fomaldehaidi, ile gesi inayotoka kwenye fomalini ya kuhifadhia maiti. Kikiamshwa, machozi yanatoka, kamasi zinamiminika, macho yanapepesa, pumzi inakatika.

Sasa, je, hilo ni onyo au ni madhara? Chozi linalokauka dakika tano baada ya mtu kutoka nje si ugonjwa. Lakini anayelengwalenga na machozi zamu nzima, siku sita kwa wiki, huku anaendesha mashine ya kukata minofu ya samaki, huwezi kumwambia kwamba hajadhurika. Mkusanyiko wa gesi ukipanda zaidi, tishu zenyewe zinaanza kuungua, na kati ya neva kulalamika na ngozi laini kuungua hakuna ukuta unaoonekana. Wataalamu wanakadiria kwamba karibu asilimia 40 ya vikomo vya hewa kazini vimewekwa kwa lengo la kuzuia mwasho, si saratani wala kuharibika kwa ini. Basi swali hili si la pembeni.

Kuna gesi ambazo kwazo mwasho hausaidii hata kama onyo. Amonia, fomaldehaidi na dioksidi ya salfa huyeyuka upesi kwenye unyevu wa macho na pua, kwa hiyo zinakamatwa mlangoni na mtu anakimbia. Klorini inapenya mbali kidogo. Fosijini na dioksidi ya nitrojeni haziyeyuki kwa urahisi. Zinapita kimya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na mtu anaweza kurudi nyumbani akiwa mzima kabisa, kisha mapafu yakajaa maji saa nyingi baadaye. Kwa hizo, kutowashwa si habari njema hata kidogo.

Wastani unavyoficha

Kikomo cha kawaida ni cha wastani wa saa nane. Mantiki yake inatoka kwenye sumu zinazojikusanya: ukivuta nyingi asubuhi na kidogo jioni, jumla ndiyo inayohesabiwa. Tuijaribu kwa amonia. Fundi anafungua vali kwenye chumba cha kompresa, kunavuja, na kwa dakika 15 anakaa kwenye hewa yenye sehemu 400 kwa milioni. Baada ya hapo anafanya kazi kwenye hewa safi kabisa hadi zamu inaisha. Zidisha 400 kwa 15, gawanya kwa dakika 480 za zamu: wastani ni 12.5. Yuko chini ya 50 ya sheria ya Marekani, chini ya 25 ya ACGIH, chini ya 20 ya Ulaya. Kwenye karatasi siku yake ilikuwa salama. Ilhali NIOSH, taasisi ya utafiti wa afya kazini ya serikali ya Marekani, inahesabu sehemu 300 za amonia kuwa hatari ya papo kwa papo kwa uhai na afya.

Ndiyo maana kwa gesi zinazowasha namba moja haitoshi. Kuna kikomo cha pili, cha wastani wa dakika 15: kwa amonia ni 35 kwa ACGIH na 50 kwa Ulaya. Kwa baadhi ya kemikali kuna kikomo cha tatu, dari, ambayo hairuhusiwi kuvukwa hata kwa kitambo. Klorini kwa sheria ya Marekani ina dari ya sehemu 1 kwa milioni. Ukiletewa ripoti yenye wastani wa saa nane tu kwa gesi kama hizi, umeletewa nusu ya habari, na mara nyingi ni ile nusu isiyo na maana sana.

Tatizo la wastani lina mizizi mirefu. Fritz Haber, mwanakemia Mjerumani aliyesimamia gesi za vita katika Vita Kuu ya Kwanza, ndiye anayehusishwa na kanuni kwamba mkusanyiko ukizidishwa kwa muda hutoa athari ile ile: gesi kidogo kwa muda mrefu ni sawa na gesi nyingi kwa muda mfupi. Kwa gesi zinazowasha kanuni hiyo inapwaya, kwa sababu mkusanyiko una uzito kuliko saa. Tazama viwango vya dharura ambavyo Marekani imeandaa kwa ajili ya raia gesi ikimwagika. Kiwango cha usumbufu mdogo wa amonia ni sehemu 30, iwe umevuta kwa dakika 10 au kwa saa nane. Muda haukubadilisha kitu. Katika ngazi inayofuata, ya madhara makubwa zaidi, ni 220 kwa nusu saa na 110 kwa saa nane. Kwa hesabu ya Haber, 220 ya nusu saa ingeshuka hadi chini ya 14 kwa saa nane. Tofauti kati ya 14 na 110 ni ushahidi wa kutosha kwamba mwasho una hesabu zake.

Panya anayeshikilia pumzi

Kwa muda mrefu vikomo vya mwasho viliwekwa kwa kuzunguka viwandani na kuuliza. Katika orodha za Marekani za miaka ya 1940 amonia ilikuwa 100, na wazee waliokuwa wakiivumilia ndio waliokuwa ushahidi. Dosari iko wazi: wasioivumilia walikuwa wameshaacha kazi.

Mwaka 1966 Yves Alarie, aliyekuja kufanya kazi zake nyingi katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, alieleza njia isiyotegemea maneno ya mtu. Panya mdogo wa maabara akivuta gesi inayowasha, neva ile ile ya trijemina inamfanya asite kila anapotoa pumzi, na idadi ya pumzi zake kwa dakika inashuka. Alarie akatafuta mkusanyiko unaoishusha kwa nusu, unaoitwa RD50. Kwa amonia ni karibu sehemu 303, kwa klorini kama 9, kwa fomaldehaidi kama 3. Akasema binadamu hawezi kuistahimili hewa yenye mkusanyiko huo, kwa sehemu ya kumi yake atawashwa lakini atastahimili, na kwa sehemu ya mia hatahisi kitu cha maana. Kikomo basi kikae kati ya hizo mbili za mwisho: zidisha RD50 kwa 0.03. Amonia inatoa 9. Fomaldehaidi inatoa 0.09.

Uzuri wa njia hii ni kwamba ni rahisi, nafuu, na inampa mtu pa kuanzia kwa kemikali ambayo hakuna aliyewahi kuivuta kwa makusudi. Ulinganisho uliochapishwa mwaka 1993 kwa kemikali 89 ulionyesha kwamba namba za panya zinakwenda sambamba na vikomo vya ACGIH. Mimi ulinganisho huo haunishawishi sana. Vikomo vingi vya wakati ule vilikuwa vimewekwa kwa kuuliza wazee viwandani, kwa hiyo kuafikiana navyo si kuafikiana na ukweli. Isitoshe, RD50 inabadilika ukibadilisha ukoo wa panya au maabara, na panya hasemi macho yanamuuma.

Jicho au mdomo?

Njia ya kisasa ni kuwaweka watu wa kujitolea kwenye chumba chenye hewa inayodhibitiwa. Hapa ndipo mambo yanaponoga, kwa sababu mtu ana vitu viwili vya kupima: kile mwili wake unachofanya na kile anachosema.

Mwaka 1997 watafiti wa kituo cha Monell huko Philadelphia, wakiongozwa na Pamela Dalton, waliwaweka watu kwenye hewa yenye sehemu 800 za asetoni kwa dakika 20. Wengine waliambiwa harufu hiyo inatokana na vitu vya asili vyenye faida, wengine kwamba ni kemikali ya viwandani yenye madhara, wengine hawakuelekezwa upande wowote. Hewa ilikuwa moja. Walioambiwa ina madhara waliripoti mwasho zaidi na dalili zaidi. Waajiri wengi wangependa hadithi iishie hapo: wafanyakazi wanalalamikia harufu, basi. Lakini ina upande wa pili. Watu waliozoea amonia kazini, wakipimwa pamoja na wageni wa harufu hiyo, hulalamika kidogo kuliko wao katika hewa ile ile. Mdomo wa mzoefu unapunguza kama vile mdomo wa mwenye hofu unavyoongeza.

Watafiti wakageukia jicho. Mtu hawezi kujizuia kupepesa macho kwa muda mrefu, na mapepeso yanahesabika kwa kamera. Mfano unaostahili kutazamwa kwa makini ni jaribio la Heidelberg, Ujerumani, lililochapishwa mwaka 2008. Watu 21 wenye afya walivuta fomaldehaidi saa nne kwa siku, kwa siku kumi, katika mikusanyiko tofauti. Siku nyingine kulikuwa na vilele vya muda mfupi vilivyopanda ghafla. Mapepeso na wekundu wa macho viliongezeka katika sehemu 0.5 zenye vilele vya 1. Katika 0.5 isiyo na vilele, au 0.3 yenye vilele vya 0.6, macho hayakuonyesha mabadiliko. Unaona tena kwamba kilele ndicho kinachochokoza.

Ila watu hao walikuwa wakisema macho yanawasha hata katika 0.3. Watafiti waliangalia dodoso za haiba, wakakuta wanaolalamika zaidi ni wale wenye tabia ya wasiwasi, na walipoiondoa athari hiyo kwenye hesabu zao lalamiko la 0.3 likafifia. Kitakwimu hakuna kosa. Lakini tuseme wazi kilichofanyika: wenye wasiwasi wamewekwa kando kama kelele kwenye kipimo, ilhali nao huajiriwa, na wana macho. Wasiotoka maabara huenda wasijue kwamba mstari kati ya "kikomo salama" na "kikomo kisicho salama" unaweza kupita katikati ya uamuzi wa aina hii.

Umoja wa Ulaya ulipoandika sheria yake ya mwaka 2019, fomaldehaidi ilipewa 0.3 kwa saa nane na 0.6 kwa dakika 15. Linganisha na matokeo ya hapo juu. Kikomo cha mamilioni ya wafanyakazi kimekaa palepale jaribio lilipoonyesha utulivu wa macho ya watu 21 wenye afya njema, bila nafasi ya ziada kwa mwenye pumu au mwenye macho makavu. Walioiandika sheria hiyo wangejibu kwamba kwa mwasho tofauti kati ya mtu na mtu si kubwa kama kwa sumu zinazochakatwa na ini, na hata tofauti kati ya mnyama na binadamu ni ndogo; ndiyo sababu wataalamu wa Ulaya walipendekeza kugawanya namba ya mnyama kwa 3 tu badala ya vigawanyo vikubwa vilivyozoeleka. Hoja hiyo ina nguvu. ACGIH, wakitazama kemikali hiyo hiyo, walishuka hadi 0.1 na 0.3.

Fomaldehaidi ina kisa zaidi kwa sababu mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliitambua kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Je, kikomo cha mwasho kinalinda pia dhidi ya saratani? Katika jaribio maarufu la miaka miwili la Marekani, panya wakubwa waliovuta sehemu 14.3 karibu nusu walipata uvimbe wa saratani puani, katika 5.6 walikuwa wawili tu. Katika 2 hakuna. Mstari haunyooki. Unaruka ghafla pale tishu za pua zinapoanza kufa na kuzaliwa upya mfululizo. Kwa hiyo Ulaya ikasema: zuia mwasho, tishu hazitaungua, na saratani ya pua haitapata pa kuanzia. Wanaopinga wanataja saratani ya damu, ambayo haiwezi kuelezwa kwa kuungua kwa pua, na mjadala huo haujafungwa.

Kuna kipande kimoja cha sheria hiyo ya Ulaya ninachokipenda kwa uwazi wake. Hospitali, wahudumu wa mazishi na watunza maiti waliruhusiwa kubaki na 0.5 badala ya 0.3 hadi Julai 2024. Macho ya mhudumu wa mochwari hayana tofauti na ya mtu mwingine. Ila fomalini ni vigumu kuiondoa kwenye kazi yake, na mifumo ya kuvuta hewa inagharimu. Angalau hapo walikubali kwa maandishi kwamba namba hii ilipanda kwa ajili ya uwezekano na pesa.

Namba ya mwaka 1968

Tumebakiwa na 50 ya Marekani, na jibu lake halina biolojia ndani yake. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 1970 ilizaa wakala uitwao OSHA (jina hilohilo la kifupi ambalo Tanzania ilikuja kulitumia kwa wakala wake). Ili uanze kazi bila kuchelewa, uliruhusiwa kuchukua viwango vilivyokuwepo, ukachukua orodha ya ACGIH ya mwaka 1968 na kuifanya sheria. ACGIH, ambayo licha ya jina lake lenye neno "serikali" si chombo cha serikali, iliendelea kurekebisha orodha yake. Sheria ikabaki nyuma.

Mwaka 1989 OSHA walijaribu kusahihisha mamia ya namba kwa mkupuo, amonia ikiwemo: badala ya wastani wa 50 kwa saa nane, iwe 35 kwa dakika 15. Viwanda vilishtaki kwamba baadhi ya vikomo ni vikali mno. Vyama vya wafanyakazi navyo vilishtaki kwamba vingine ni legevu mno. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya Atlanta ikafuta vyote, ikisema wakala ulipaswa kuthibitisha hatari na uwezekano wa kila kemikali peke yake. Amonia ikarudi 50, na ipo hapo hadi leo. OSHA wenyewe huwaambia waajiri kwamba vikomo vyao vingi vimepitwa na wakati, na huwawekea jedwali la kulinganisha na namba za ACGIH na NIOSH.

Hili linatuhusu, kwa sababu orodha husafiri. Kenya iliweka vikomo vyake kisheria katika Kanuni za Vitu Hatari za mwaka 2007, na Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayomtaka mwajiri awakinge watu wake na kemikali hatari. Sijui maabara yoyote ya ukanda wetu iliyowaweka watu chumbani na kuhesabu mapepeso yao, na kwa kweli si lazima, maana jicho ni jicho. Cha lazima ni kuangalia orodha iliyokopwa ni ya nani na ya mwaka gani. Kukopa 50 ni kukopa hukumu ya mahakama ya Atlanta.

Cha mwisho ni mchanganyiko, kwa sababu hakuna anayevuta kemikali moja kwa zamu nzima. Saluni yenye mlango mmoja inaweza kuwa na amonia kutoka kwenye rangi na fomaldehaidi kutoka kwenye dawa ya kunyoosha nywele. Mwaka 2011 OSHA ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kukuta fomaldehaidi hata kwenye bidhaa zilizoandikwa kwamba hazina. ACGIH wanaelekeza kwamba kemikali zinazoshambulia kiungo kimoja zijumlishwe: gawanya kila moja kwa kikomo chake, kisha jumlisha majibu, yakizidi 1, kikomo kimevukwa. Tuseme hewa ya saluni hiyo ina amonia 15 na fomaldehaidi 0.06. Kwa vikomo vya ACGIH, 15 kwa 25 ni 0.6, na 0.06 kwa 0.1 ni 0.6. Kila moja iko chini ya kikomo chake, na mkaguzi anayesoma jedwali mstari kwa mstari ataweka alama ya vema mara mbili. Jumla ni 1.2.